Nguo za Mitumba za Watoto, na Kazi ya Kuzifua

Mwezi huu nimeona vema kuandika juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa dogo, tena kuwa ni la wanawake tu, lisilompasa mwalimu kulinena. Jambo lenyewe ni nguo za mitumba wanazovaa watoto wetu: hali zake zinapotufikia, na namna ya kuzifua. Mimi nafundisha katika kijiji kimoja cha pwani, kati ya Kilwa na Lindi, na katika darasa langu ni wachache sana ambao hawajapata kuvaa nguo iliyovaliwa kwanza na mtoto mwingine. Mtoto huja shuleni na huenda kanisani ndani ya nguo hizo, na wenziwe humheshimu au humcheka kwa ajili yake. Basi jambo hili si dogo.

Neno mtumba ni la zamani kuliko nguo hizi. Maana yake ni furushi au mzigo, kama ule aliochukua mpagazi katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Kilwa Kivinje kwenda Ziwa Nyasa. Mitumba ile ilikuwa ya nguo mpya, merikani na kaniki. Na misafara ilirudi pwani na pembe za ndovu na, kwa huzuni yetu, na watu waliouzwa utumwani. Zamani zaidi watu wa pwani hii walijisokotea nyuzi zao wenyewe, maana katika magofu ya Kilwa Kisiwani wachimbaji wameokota vipande vya vigae vilivyotobolewa katikati, vilivyotumika kusokotea uzi wa pamba. Hivyo furushi limebaki na jina lake, lakini kilichomo ndani kimebadilika.

Nguo zilizokwisha valiwa zilianza kuingia nchini kwa wingi baada ya serikali kulegeza masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980. Watu wa nchi za mbali huzitoa bure kwa vyama vya sadaka. Vyama huziuza kwa wafanya biashara. Nao huzichagua, huzifunga belo, aghalabu za kilo 45, na kuzipakia melini hata Dar es Salaam. Toka huko huja kwa lori, huvuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, hata Nangurukuru, na hapo hugawanyika, nyingine kwenda Kilwa Masoko na nyingine kuendelea kusini mpaka Lindi. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikusudia kuzizuia kidogo kidogo ili viwanda vyetu vipate nguvu. Marekani ikapinga, na mwaka 2018 Rwanda, iliyoshikilia neno lake, ikanyimwa ruhusa ya kuuza nguo zake Marekani bila ushuru. Nchi yetu haikuendelea na shauri lile. Kama ni vema au si vema, wenye mamlaka na waamue. Mimi nina watoto mbele yangu leo, nao wamezivaa.

Msimu wa korosho ukifika, na fedha zikianza kupatikana, wachuuzi hufuata minada ya vijijini. Hutandaza turubai chini, hukata kamba za belo, na akina mama huinama kuchagua. Nimesimama pembeni mara nyingi nikitazama, nami nimeona kwamba hali ya nguo za watoto hufuata umri wa mtoto. Nguo za watoto wachanga aghalabu huwa kama mpya, maana mtoto mchanga huipita nguo yake kwa miezi mitatu, kabla haijachakaa. Ila yake ni madoa ya maziwa shingoni, ambayo hayakuonekana ilipokunjwa, yakageuka manjano njiani. Nguo za mtoto atambaaye huisha magotini. Na suruali za wavulana wa miaka saba hata kumi ni haba, tena mbovu, kwa sababu mvulana wa Ulaya naye hupanda miti na kuanguka kama wetu. Nguo yake huimaliza mwenyewe. Kwa hiyo mama wa mtoto mchanga hupata nguo nzuri kwa bei ndogo, lakini mama wa mwanafunzi hupata taabu. Tena wenye fedha huchagua asubuhi. Maskini huja jioni, nguo zilizosalia zikiuzwa kwa fungu.

Mwaka mmoja mvulana wa darasa la tatu alikuja shuleni na shati jeupe la mtumba. Mfukoni palikuwa na nembo ya shule ya ng'ambo. Mama yake ameifumua, lakini alama ya uzi imebaki. Ndani ya ukosi liliandikwa jina la mtoto kwa wino usiofutika. Shati lenyewe lilikuwa limegeuka rangi ya majivu, na makwapani lilikuwa manjano. Mwenzake mmoja akalisoma jina lile kwa sauti, akasema, "Mwenye shati amekufa. Umevaa nguo ya maiti!" Maana nguo hizi tangu zamani wengine huziita "kafa Ulaya". Tangu saa ile wakamwita yeye Kafa Ulaya. Siku ya pili hakuja shuleni, wala ya tatu, wala ya nne.

Nikawauliza watoto, "Ninyi mkikua, nguo zenu za mwaka jana zaenda wapi?" Wakajibu, "Kwa wadogo zetu, Mwalimu." Nikasema, "Nanyi mmekufa?" Wakacheka, wakasema, "La, tumekua tu." Nikawaambia, "Basi na huyu amekua tu. Mama yake aliandika jina lake ukosini ili shati lisipotee shuleni. Mama afanyaye hivyo ni mama mwangalifu." Sisemi kwamba hakuna hata nguo moja ya marehemu katika belo. Walakini hata kwetu, mtu akifa, nguo zake hugawiwa ndugu zake, wala hatuwacheki wanaozivaa. Kifo hakishiki nguo. Kinachoshika nguo ni uchafu, nao una dawa yake.

Jioni nikaenda nyumbani kwao. Mama yake alinipa kiti, naye akasimama mbali kidogo kwa haya. "Mwalimu," akasema, "si kwamba silifui. Nimelifua mara nne kwa sabuni ya mche. Kila nikilifua lazidi kuwa kijivu na gumu." Nikaomba kuona maji yake, nikayaonja.

Kisima chao kimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, kama visima vingi vya pwani yetu. Maji yake yaonekana safi, lakini yamebeba chokaa na chumvi. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa haifanyi povu, bali hufanya utando mfano wa maziwa yaliyoganda. Nao hushika katika nyuzi za nguo, na uchafu hushika juu yake. Mama yule alizidisha sabuni, na kila alipozidisha sabuni alizidisha utando. Alikuwa akitumia fedha yake kuliharibu shati, na watu wakamwita mvivu.

Tulipokuwa katika maneno hayo akaja bibi mmoja jirani, Mwislamu, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, ambaye weupe wa nguo zake wajulikana kijiji kizima. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Leo shule imehamia kwetu?" Alipoelezwa habari akalishika shati, akalifikicha kwa vidole, akamwambia mama, "Binti yangu, usiilaumu sabuni. Maji ndiyo yanayokushinda." Akamfundisha mbele yangu. Wakati wa mvua akinge maji ya paa, ayaweke kwa kazi ya nguo nyeupe. Pasipo mvua, achemshe maji ya kisima, atie kijiko kimoja cha magadi kwa ndoo, ayaache yatuame, kisha achote ya juu. Alowekee nguo humo pamoja na sabuni usiku kucha, asubuhi afikiche ukosi na makwapa, kisha asuuze kwa maji matatu. "Maji ya kwanza huondoa sabuni," akasema, "ya pili huondoa uchafu ulioachwa na sabuni, na ya tatu ni ya kukutoa shaka."

Shati lile likafuliwa mara mbili kwa namna hiyo. Ujivu ukatoka. Manjano ya makwapani yakapungua, hayakwisha. Na jina la ukosini halikutoka kabisa, mama akashona kipande cha kanga juu yake. Mvulana akarudi Jumatatu. Walikuwako waliomwita lile jina hata hivyo, lakini wachache, na baada ya majuma mawili wakachoka.

Tangu hapo nimewauliza wauguzi, wachuuzi na akina mama, nami nitaandika niliyojifunza kwa taratibu, ili msomaji apate kumsomea asiyejua kusoma.

Kwanza ni kuchagua. Inua nguo juani uitazame kwa ndani, maana jua hufichua tundu na doa. Vuta mishono kidogo. Tazama ukosi, makwapa na mapajani. Vifungo vilivyolegea vikate uvishone upya, kwa sababu mtoto mdogo hutia kila kitu kinywani; na kamba zipitazo katika kofia au shingoni mwa nguo ya mtoto zitoe kabisa, kwani zikinaswa zaweza kumkaba. Nguo za ndani usinunue: Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, limekataza nguo za ndani za mitumba, nalo lina haki.

Pili ni harufu. Nguo nyingi hunuka kufungiwa na dawa, nasi twaongeza kwa kutia sandukuni vidonge vyeupe vya naftalini kuzuia mende na nondo. Jihadharini na vidonge hivyo penye mtoto mchanga. Katika nchi za malaria kama yetu wamo watu waliorithi upungufu fulani katika damu ambao madaktari huuita upungufu wa G6PD. Siku zote huonekana wazima, lakini wakikutana na vitu fulani, na naftalini ni kimoja, chembe za damu yao huvunjika. Mtoto huwa manjano machoni na mwilini, mkojo wake huwa wa rangi ya chai ya rangi, na mchanga aweza kudhurika ubongo au kufa. Kwa hiyo nguo yenye harufu hiyo ifuliwe na kuanikwa juani mpaka harufu iishe kabisa, ndipo avikwe mtoto. Na ukiona manjano, mpeleke hospitali siku ile ile, ukataje habari ya naftalini.

Tatu ni upele. Watu husema upele hutoka Ulaya ndani ya belo. Lakini mdudu wa upele hawezi kuishi mbali na mwili wa mtu zaidi ya siku mbili tatu, na belo hukaa baharini majuma mengi. Upele huja kwa kujipima nguo mnadani wengine wakiisha kujipima, na zaidi kwa kulala kitanda kimoja na aliye nao. Nguo za mgonjwa zifuliwe kwa maji ya moto; isiyoweza kustahimili moto ifungwe ndani ya mfuko wa nailoni kwa juma moja. Na watu wote wa nyumba watibiwe pamoja, maana ukifua nguo bila kutibu mwili, umefanya kazi bure.

Nne ni madoa. Doa la damu, la maziwa au la yai lianze kwa maji baridi, kwa sababu moto hulipika likashika. Doa la mafuta lataka maji ya uvuguvugu na sabuni. Doa la kutu litiwe ndimu na chumvi, liwekwe juani, kisha lisuuzwe. Lakini dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isichanganywe na ndimu wala siki kamwe, kwani hutoa hewa ya sumu inayodhuru mapafu. Ama doa la maji ya bibo, sisi wa nchi ya mikorosho twalijua: likiisha kukauka halina mganga. Mwenye busara humvika mtoto nguo yake mbovu anapokwenda korosho.

Tano ni kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya ukosi au ubavuni. Wengi hukikata bila kukisoma, nacho ni barua kwa mfuaji. Picha ya karai ni habari ya kufua: lenye mkono ndani yake lataka kufuliwa kwa mkono taratibu, na lililokatwa kwa msalaba lakataza maji. Pembetatu yenye msalaba yakataza klorini. Pasi yenye nukta moja yataka moto mdogo, nukta mbili moto wa kadiri, nukta tatu moto mkali. Nguo nyingi za siku hizi si za pamba bali za nyuzi za viwandani, nazo huyeyuka chini ya pasi ya mkaa. Mtoto wa darasa la pili aweza kufundishwa alama hizi kwa saa moja, na nyumbani kwao ataokoa nguo nyingi.

Sita ni kuanika na kupiga pasi. Yuko nzi mmoja apendaye kutaga mayai katika mchanga wa kivulini na juu ya nguo mbichi. Mayai yakianguliwa, buu huingia katika ngozi ya avaaye nguo, akafanya jipu lenye tundu juu yake. Kwa hiyo usianike nguo ya mtoto majanini wala mchangani, wala usiiache kambani usiku. Ianike juu, penye jua kali, kisha uipige pasi nje na ndani, hasa penye mishono. Wakati wa mvua, jua likikosekana siku nyingi, pasi haiachwi.

Nilipokwisha kuyaandika haya niliona kwamba nimeandika habari ya maji mengi. Ndoo moja ya kulowekea, moja ya kufulia, na tatu za kusuuzia ni ndoo tano; na ndoo ikiwa ya lita 20, jumla ni lita 100 kwa fua moja. Nani ayachukue? Twajua sote ni nani. Ni msichana wa miaka kumi au kumi na miwili, kichwani pake, Jumamosi tangu alfajiri. Na Jumatatu namwona akisinzia juu ya kitabu, hali kaka yake, ambaye shati lake ni jeupe kama pamba, anyosha mkono kujibu. Weupe wa shati lile umenunuliwa kwa masomo ya dada yake. Ndugu zangu akina baba, baiskeli zetu huchukua madumu ya tembo na magunia ya korosho. Haziwezi kuchukua madumu ya maji? Na mvulana aliyefika darasa la nne ana mikono ya kutosha kufua shati lake. Katika darasa langu nimewaagiza hivyo, nao walilalamika mwezi mmoja, kisha wakaanza kushindana.

Neno la mwisho ni la sisi Wakristo hasa. Nimemsikia ndugu mmoja akisema kwamba nguo ya ubatizo isiwe ya mtumba, maana si heshima kumleta mtoto mbele ya Mungu katika nguo ya mwingine. Kwa neno hili mama mmoja maskini alikawia kumleta mwanawe kisimani pa ubatizo, akingoja kupata fedha ya nguo mpya. Ndugu huyu simlaumu, maana alitaka heshima. Lakini tumkumbuke Hana, mama yake Samweli, aliyemshonea mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea mwaka kwa mwaka hekaluni. Samweli alikua, na kanzu ya mwaka jana haikumtosha. Maandiko hayasemi kanzu zile zilikwenda wapi, ila yasema kwamba baadaye Hana alizaa wana watatu na binti wawili. Mama mwenye watoto wadogo nyumbani haitupi kanzu iliyo nzima. Mimi nadhani wale wadogo walizivaa, wala hazikupungua heshima, kwa kuwa zilifuliwa na mkono ule ule ulioshona.

Basi nguo ya mtoto haina aibu kwa sababu imevaliwa na mtoto mwingine. Nguo mpya isiyofuliwa yapata aibu kwa juma moja. Nguo kuukuu iliyotunzwa yaweza kupita katika watoto watatu na kuwa na heshima kwa wote. Tusiwafundishe watoto wetu kuuliza mwenziwe amepata wapi nguo. Tuwafundishe kuchota maji, kusoma kile kitambaa cha ukosini, na kusuuza mara tatu. Na tukimwona mtoto mwenye shati la kijivu, tusiseme mama yake ni mvivu kabla hatujayaonja maji ya kisima chake.

Wasalaam.